WATOTO WA NYUMBA ZENYE KIPIGO: TUTAJUAJE KWAMBA MSAADA WETU UNAWAFAA?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa msikiti kwa niaba ya kamati ya ustawi)



Kila mwaka kamati hii husimama mbele yenu na kusoma taarifa ya kazi yake. Mwaka jana tulisoma kwamba watoto 22 walihudhuria darasa la Jumamosi tuliloanzisha kwa ajili ya watoto wanaotoka katika nyumba zenye ugomvi na kipigo. Kwamba mahudhurio yalikuwa mazuri. Kwamba kila mtoto alipata daftari, uji na nauli. Na kwamba nyumba 5 miongoni mwa nyumba zao zilikuwa zimesuluhishwa. Mlifurahi, mkatuombea dua, na wengi wenu mkaongeza michango yenu.

Leo tunasimama kuwaambieni kwamba taarifa ile, ijapokuwa haikuwa na neno hata moja la uongo, haikuwaelezeni jambo mlilostahili kulijua. Ilieleza sisi tumefanya nini. Watoto wenyewe wamepata nini, haikueleza. Nasi hatukuficha, ukweli ni kwamba hatukujua, kwa kuwa hatukuwa tumeuliza.

MTOTO ALIYENYAMAZA

Miongoni mwa watoto hao alikuwako mvulana wa miaka tisa. Hatutamtaja kwa jina wala kwa mtaa, na tunawaombeni msitafute kumjua. Alipoletwa na mama yake alikuwa mgomvi kupindukia. Alirusha mawe, alichana madaftari ya wenzake, na kila mwalimu alipoinua mkono kufuta ubao, yeye alijikinga uso. Baada ya Jumamosi kumi alikuwa ametulia kabisa. Alikaa nyuma, hakumgusa mtu, hakujibu wala hakuuliza. Mwalimu akaandika mbele ya jina lake: ametengemaa. Wakati huohuo wazee wetu walikuwa wamekwisha kuwakutanisha baba na mama. Wakapeana mikono, na mama akarudi nyumbani kwake. Basi mtoto huyo tukamhesabu mara mbili katika taarifa yetu: kwanza miongoni mwa watoto waliotengemaa, kisha katika nyumba zilizosuluhishwa.

Miezi michache baadaye alitujia mama mdogo wa mtoto huyo. Alitueleza kwamba mtoto alilala kwake usiku mmoja, na alipokwenda kumfunika shuka alimkuta amelala na kandambili miguuni. Alipomwambia azivue, mtoto alimjibu kwamba usiku mtu hapati muda wa kutafuta viatu. Kipigo hakikuwa kimekoma. Kilikuwa kimehamia usiku, mlango ukiwa umefungwa. Na mtoto alikuwa ameonywa kwamba atakayetoa siri ya nyumba ndiye atakayeivunja.

Ndugu zetu, utulivu ule tulioushukuru ulikuwa ni hofu. Mtoto alipokuwa akirusha mawe alikuwa bado anatuambia kitu. Aliponyamaza, sisi tukaandika kwamba amepona.

MTOTO HUONA NA HUSIKIA

Wako wanaosema kwamba mtoto ambaye fimbo haikumgusa hakudhurika, na kwamba utoto husahau. Walezi na walimu wa madrasa wanajua kwamba sivyo. Mtoto mchanga katika nyumba ya kipigo hushtuka na kulia kwa sauti ndogo tu. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani hurudia kukojoa. Wa shule hulalamika tumbo au kichwa ambacho dawa ya zahanati haikitibu, na masomo yake hushuka. Binti mkubwa hugeuka kuwa mama wa wadogo zake kabla ya wakati wake. Husifiwa kwa adabu, ilhali moyoni mwake amekwisha kuchoka. Wengine hupiga wenzao kama walivyoona watu wakipigwa, na wengine hujificha ndani ya nafsi zao.

Wala tusidhani kwamba ni nyumba chache. Mwaka 2006 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto wanaoshuhudia ukatili wa majumbani duniani wangeweza kufikia milioni 275. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kutendewa ukatili wa mwili. Na uchunguzi wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini mwetu ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wametendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Lau tungeupanga msikiti wetu safu kwa safu, hapana safu ambayo habari hii isingeigusa.

Kwa hiyo kusaidia ni wajibu, na hilo halina mjadala. Mjadala wa leo ni huu: je, msaada huo unamfikia mtoto, au unatufurahisha sisi tunaoutoa?

KUHESABU SI KUPIMA

Muuza nafaka sokoni hawezi kumwambia mnunuzi, "Magunia yangu ni mengi, basi uzani ni sawa." Wingi wa magunia ni jambo moja, na kilichomo ndani yake ni jambo jingine. Sisi tulihesabu magunia. Watoto wangapi wamekuja, madaftari mangapi yametolewa, vikao vingapi vimefanyika: hesabu hizi ni za lazima, kwani fedha za watu ni amana na kila shilingi yapasa kuonekana ilikokwenda. Lakini darasa laweza kujaa kila Jumamosi, na hapana mtoto hata mmoja ndani yake anayelala kwa amani.

Kosa letu la pili lilikuwa kutazama upande mmoja tu wa mtoto. Yupo daktari wa akili za watoto wa Uingereza, Robert Goodman, ambaye mwaka 1997 alitangaza hojaji fupi inayotumika sasa katika nchi nyingi, na ambayo imetumika pia katika uchunguzi uliofanyika Tanzania. Ina mambo 25 tu, yaliyogawanywa katika mafungu 5: hofu na huzuni, ugomvi na ukaidi, kutotulia, uhusiano wa mtoto na wenzake, na wema wake kwa watu. Mzazi au mwalimu huijaza, na mtoto aliyefikia miaka 11 aweza kujaza mwenyewe. Tulipoisoma tuliona aibu. Mwalimu wetu alikuwa ametazama fungu la ugomvi peke yake, na humo mvulana yule alikuwa kweli amepata nafuu. Lau angalitazama fungu la kwanza, ambalo ndani yake huulizwa habari za maumivu ya tumbo na kichwa, wasiwasi, huzuni na woga, angaliona kwamba mtoto anazama.

Kosa la tatu lahitaji kufahamika vizuri, kwani hata watu wenye elimu huanguka humo. Mgonjwa huja hospitali homa inapokuwa juu kabisa. Kadhalika mama humleta mtoto kwetu katika juma baya kuliko yote. Ukimtazama baada ya miezi mitatu, aghalabu utamkuta na nafuu kidogo, hata kama hukumfanyia lolote. Kwani kilele cha taabu kimepita, au mama amepata pa kukaa, au mtoto ameongezeka umri. Basi nafuu hiyo tuseme imetokana na nini? Atakayejibu kwa haraka atajipa sifa ambazo huenda si zake.

WENZETU WALIVYOPIMA

Kwa sababu hiyo tulitafuta habari za watu waliokwisha kuifanya kazi hii ya kupima kwa subira. Tumechagua mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa jimbo la Michigan, Marekani. Mtaalamu Sandra Graham-Bermann na wenzake walikuwa na mpango wa majuma 10 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 ambao mama zao walikuwa wamepigwa. Katika taarifa yao ya mwaka 2007 watoto 181 walikuwa katika makundi matatu: kundi ambalo mtoto peke yake alihudhuria, kundi ambalo mtoto alihudhuria na mama yake naye akawa na kikao chake, na kundi lililokuwa likisubiri zamu. Kisha waliwafuatia miezi kadhaa baada ya vikao kumalizika. Watoto walioonyesha mabadiliko makubwa zaidi katika ugomvi wao, na katika fikra zao kuhusu kupiga, walikuwa wale ambao mama zao pia walisaidiwa. Sisi tulikuwa tukimpokea mtoto mlangoni na kumwambia mama arudi saa sita.

Mfano wa pili ni wa mji wa San Francisco. Huko Alicia Lieberman na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2005, walifanya kazi na mama 75 na watoto wao wadogo wa miaka 3 hadi 5. Baadhi yao, kwa kupigiwa kura, walipata kikao cha mama na mtoto pamoja kila juma kwa muda wa mwaka mmoja. Wengine walipata msaada wa kawaida uliokuwapo mjini. Watoto wa vikao vya pamoja walipata nafuu zaidi, na walipotazamwa tena miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Tunayojifunza hapa ni mawili: jeraha la muda mrefu halitibiwi kwa Jumamosi kumi, na mpimaji wa kweli hurudi kutazama baada ya wageni kuondoka.

Mfano wa tatu uko karibu nasi, nao ndio uliotunyenyekeza zaidi. Haukuhusu watoto wa nyumba za kipigo bali watoto waliofiwa na mzazi na kubaki na mshtuko. Lakini namna ya kupima ni ileile. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2020. Watoto 640 wa Moshi, Tanzania, na wa Bungoma, Kenya, mjini na vijijini, waligawanywa kwa kura. Nusu walipata vikao vya ushauri kwa majuma 12, pamoja na walezi wao. Na washauri hawakuwa madaktari bali wananchi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Nusu nyingine walibaki na msaada wa kawaida unaopatikana kwao. Vikao vilipomalizika, watoto waliopata ushauri walikuwa na nafuu zaidi katika mahali 3 kati ya 4. Mwaka mmoja baadaye, upande wa Kenya tofauti hiyo ilikuwa bado kubwa. Upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Tafadhalini lizingatieni jambo hili. Lau wachunguzi wangaliwapima watoto wa Moshi waliopata ushauri peke yao, wangaliona nafuu kubwa na kuitangaza yote kuwa ni kazi yao. Lau wangaliishia siku ya mwisho ya vikao, wasingalijua kilichotokea baada ya mwaka. Hatusemi kwamba ushauri ule haukuwa na faida. Mtoto aliyepata nafuu mapema amepunguziwa miezi ya maumivu, na hilo si dogo. Tunasema kwamba walikuwa waaminifu wa kutosha kuweka kundi la kulinganishia, na waaminifu wa kutosha kutangaza matokeo ambayo hayakuwapamba kila mahali. Watu wa dunia wakifanya hivyo kwa ajili ya elimu, sisi tunaozungumzia amana kila siku tuna udhuru gani?

MAMBO MATANO YA KUULIZA

Lakini twapaswa kupima nini? Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walitofautiana. Huyu akipima ugomvi, yule akipima masomo, na mwingine alama za ugonjwa wa moyo na akili. Huko Uingereza wachunguzi waliwauliza wahudumu, wataalamu, na pia watu waliopita wenyewe katika ukatili wa majumbani: mpango wa kusaidia watoto ukifaulu, ni nini kitakachoonekana kimebadilika? Mwaka 2022 walitangaza mambo matano waliyokubaliana kwamba kila mpango uyapime. Sisi tumeyageuza kuwa maswali yanayoweza kuulizwa barazani kwetu.

La kwanza ni hali ya moyo ya mtoto. Analalaje? Anakula? Anacheza? Akiwa peke yake hufanya nini?

La pili ni hali ya moyo ya mlezi wake, ambaye aghalabu ni mama. Mama aliyevunjika hawezi kuwa ukuta wa kuegemewa na mtoto. Msaada usiomgusa mama ni maji yanayomwagwa katika mtungi uliotoboka.

La tatu ni uhusiano katika familia. Je, mtoto na mama huzungumza? Je, ndugu hupendana, au mkubwa amekwisha kuanza kumpiga mdogo?

La nne ni uhuru wa kuendesha maisha ya kila siku. Mama anaweza kwenda sokoni, kumtembelea dada yake, kupokea simu, bila kuhesabiwa dakika? Mtoto anaweza kumleta mwenzake nyumbani? Hili hatukuwa tumelifikiria kamwe. Iko nyumba ambayo ngumi hazisikiki tena, lakini watu wake wanaishi kama wafungwa.

La tano ni kujihisi salama. Mtoto aulizwe yeye mwenyewe, kwa maneno yake, ni wakati gani na mahali gani anapoogopa. Sisi tumeongeza swali moja dogo tulilofundishwa na mvulana wetu: unapolala, unalala umevaa nini?

Angalieni orodha hiyo. Idadi ya waliohudhuria haimo. Idadi ya nyumba zilizosuluhishwa nayo haimo.

KUHUSU SULUHU

Hapa twapenda kusema kwa heshima, lakini kwa uwazi, mbele ya wazee wetu. Suluhu ni jambo jema, nasi hatulivunji. Bali suluhu ambayo mtoto hakuulizwa, na mama aliulizwa mbele ya mumewe, hiyo si suluhu iliyothibitishwa. Ni ahadi tu. Na ahadi haihesabiwi katika mavuno. Baba aliyeshikana mikono na wazee ndani ya msikiti huenda ameazimia kweli kubadilika, na huenda ameona haya kwa siku ile moja. Tofauti ya wawili hao haionekani siku ya suluhu. Huonekana baada ya miezi, nayo huonekana kwanza machoni pa mtoto.

Wala asiwepo wa kuitumia dini kama pazia. Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kwamba Mtume (s.a.w.) hakumpiga mwanamke wala mtumishi. Anayependa kufuata mwenendo wake katika mavazi na katika chakula, aufuate pia mlango wa nyumba ukishafungwa.

NAMNA YA KUULIZA BILA KUDHURU

Kupima nako kwaweza kudhuru. Karatasi yenye majibu ya mtoto, ikikutwa na baba ndani ya mkoba wa madrasa, yaweza kuleta kipigo usiku uleule. Kwa hiyo tumejiwekea masharti.

Karatasi haziendi nyumbani. Majina hayaandikwi juu yake. Kila mtoto ana namba, na daftari la namba hukaa mahali pengine, mikononi mwa mtu mmoja. Mama huulizwa peke yake, na mtoto huulizwa peke yake. Anayeuliza si mwalimu aliyemfundisha, kwani mtoto mwenye adabu humpa mwalimu wake jibu la kumfurahisha. Na mwalimu naye, kama sisi sote, huyaona matunda ya kazi yake kuwa makubwa kuliko yalivyo. Mtoto asiyetaka kujibu haulizwi mara ya pili, wala hanyimwi uji.

Wala hatumwahidi mtoto siri tusiyoweza kuitunza. Akieleza kwamba yuko hatarini, tutamwambia kwa upole kwamba jambo hili lazima tulipeleke kwa watu wa kumlinda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inampa kila mwananchi mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki zake wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Yuko Afisa Ustawi wa Jamii, lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na iko namba ya simu ya watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kamati ya msikiti si mahakama wala si hospitali. Tukipima na kugundua hatari, kisha tukaikalia ili kulinda heshima ya mtu, tutakuwa tumemwuliza mtoto kwa ajili ya kumtesa mara ya pili.

Liko pia jambo la waliotoweka. Kila mpango una watoto wanaoanza na kuacha, na mara nyingi taarifa husomwa kana kwamba hawakuwahi kuwako. Miongoni mwa watoto wetu 22, watano hawakufika mwisho. Sisi tuliwafuta katika daftari. Lakini yamkini waliozuiwa kuja ndio waliokuwa na shida kubwa kuliko wote. Atakayepima waliobaki peke yao atapata picha nzuri, naye atakuwa amejidanganya mwenyewe kabla ya kuwadanganya wengine.

TULIYOAZIMIA

Basi, ndugu zetu, kamati imeazimia mambo yafuatayo.

Kwanza, kila mtoto atapimwa mara tatu: anapoingia, anapomaliza, na miezi sita baada ya kumaliza. Hii ya tatu ndiyo ngumu, kwani familia huhama na simu hubadilishwa. Lakini ndiyo inayoeleza kama tulijenga au tulipaka chokaa tu.

Pili, mama watakuwa na kikao chao saa ileile ya watoto, na akina mama wenye uwezo wa kusikiliza bila kusengenya wameombwa kukiongoza baada ya kupata mafunzo.

Tatu, maadamu nafasi zetu ni chache na wapo wanaosubiri zamu, wanaosubiri nao wataulizwa maswali yaleyale kwa ridhaa ya mama zao. Kwa njia hii tutaweza kulinganisha, japo kwa udogo wetu, nafuu ya waliosaidiwa na nafuu ya ambao bado. Twajua kwamba kundi dogo kama letu haliwezi kutoa hukumu ya kitaalamu. Litatosha kutuzuia tusijisifu ovyo. Sharti moja halina mjadala: mtoto aliye hatarini hasubiri zamu. Huyo hushughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama hesabu yetu itaharibika.

Nne, taarifa ya mwaka itasomwa ikiwa na yaliyofaulu na yaliyoshindwa, pamoja na idadi ya waliotoweka.

Hili la nne lawahusu ninyi kuliko sisi. Twawaombeni mtusikilize kwa subira mwakani. Huenda tukasimama hapa tukasema kwamba watoto kumi wamepata nafuu, wanne wako vilevile, na wawili hali zao zimezidi kuwa mbaya. Mkatazamana na kusema: mwaka juzi walikuwa wakifanya vizuri, sasa kamati imelegea, tupunguze michango. Mkifanya hivyo mtatufundisha kurudia taarifa za magunia. Watu huwaletea wafadhili wao kile ambacho wafadhili hupenda kukisikia. Hii ni ada ya watu wote, na kamati ya msikiti haikuepushwa nayo. Atakayetusaidia ni yule anayeuliza, "Na wale wawili, mmewafanyia nini?"

Na kazi hii ina gharama. Nauli ya kumfuata mtoto mmoja baada ya miezi sita huenda ikalingana na bei ya madaftari ya watoto wengi. Tumetafakari, tukaona kwamba madaftari machache na ukweli ni bora kuliko madaftari mengi na gizani.

Mtapenda kujua habari za mvulana yule. Yeye na mama yake sasa wanakaa kwa mama mdogo, na shauri lao liko mikononi mwa watu wa Ustawi wa Jamii. Tumemwuliza mara mbili tangu wakati huo. Analala vizuri zaidi. Amerudia ukorofi kidogo, naye mwalimu, ambaye zamani angesikitika, safari hii ameandika hivyo kwa matumaini. Masomo yake bado yako chini sana, na akisikia mlango ukigongwa husimama. Kandambili amekuwa akiziweka chini ya mto. Hatusemi kwamba amepona. Tunasema kwamba leo twajua alipo, na mwaka jana hatukujua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika mizani ya mambo tusiyoyaona kama tunavyodai uaminifu katika mizani ya sokoni. Azilinde nyumba zetu na dhuluma. Awape watoto wetu usingizi wa amani. Na atusamehe kwa kila mtoto tuliyemwandika kuwa yu salama kabla ya kumwuliza. Amin.